Tenti ya Tuzikane

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimelipa! Nilikosea namba ya siri mara ya kwanza. Tenti yetu imenunuliwa — nyeupe, pembeni buluu, watu mia wanakaa chini yake bila kubanana. Sisi wanawake wa Tuzikane, kikundi chetu cha kuzikana, tumeichangia tangu mwaka juzi, kidogo kidogo kila mkutano, wengine wakiuza kuku. Na aliyebonyeza ni mimi, Akurut!

Tenti ya Paddy hatuitaki tena. Yule bwana anakodisha msibani kwa bei ya harusi, na ukichelewesha salio vijana wake wanakuja kung'oa vyuma maiti ikiwa bado haijazikwa. Walifanya hivyo mwaka jana tukimzika baba yake Anjeline. Jua likatupiga sote, na marehemu pia. Hakuna aliyesahau.

Bei ya Kampala hatuiwezi. Lile duka la mtandaoni la Nairobi ni nusu, na wanaleta mpaka ofisi ya vifurushi pale Busia ya Kenya. Ila lazima ulipe kwa laini ya Kenya. Ndiyo maana kikundi kilinichagua mimi. Sisi wa upande wa Uganda hatuna kitambulisho cha Kenya, kwa hiyo mfanyabiashara wa hapa mpakani anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu wa ng'ambo ya mpaka. Yangu imesajiliwa kwa jina la Loy. Alinifanyia zamani, tulipokuwa tunauza viatu vya mtumba pamoja, na hajawahi kunisumbua. Mtoto wake wa pili anaitwa Akurut. Mtu akupe nini zaidi ya hapo?

Mama Engole, mwenyekiti wetu, aliniambia mbele ya wote, "Hii pesa ni ya wafu wetu. Chunga." Nikamwambia alale usingizi.

Jumatano, 19 Machi

Ujumbe umeingia: mzigo uko njiani. Nimeurusha kwenye WhatsApp ya kikundi. Anjeline amejibu kwa mikono ya kupiga makofi, skrini nzima. Maskini, mama yake kule Paya hata uji sasa analishwa.

Okware kaniuliza naandika nini kila siku. Nimemwambia hesabu. Mume wangu Kiswahili anakiongea vizuri, lakini kukisoma anachoka mstari wa pili. Hapa niko salama.

Ijumaa, 28 Machi

Hakuna tenti.

Nilivuka asubuhi. Loy akafunga kibanda chake anisindikize, nami sikumwomba. Kijana wa ofisi ya vifurushi akapekua rafu zote, akapekua na kompyuta, akasema mzigo wa jina hilo haujakanyaga hapa. Niulize Nairobi. Nikageuka niondoke. Loy hakugeuka! Nusura apande juu ya meza. Alimuuliza yule kijana kama anajua tenti hiyo ni ya kazi gani, na kama kwao watu hawafi.

Baadaye akaninunulia chai na mandazi. Akanikataza kulia barabarani, ati watu watadhani nimekamatwa na forodha. Nilicheka huku machozi yanatoka. Bila huyu mwanamke ningekuwa wapi?

Jumanne, 1 Aprili

Nimempata binti wa huduma kwa wateja. Sauti tamu kama ya redio. Mzigo umepotea njiani, pole sana madam, pesa yote itarudishwa kwenye namba ile ile iliyolipa, si zaidi ya wiki. Leo ni tarehe moja Aprili, nikamuuliza kama ananitania. Hakuelewa.

Nikamwambia Mama Engole. Akaguna tu. Afadhali pesa kuliko hewa, akasema.

Loy naye nikampigia. Akauliza mara mbili kama kweli inarudi kwenye laini ile ile. Nikamwambia ndiyo, haibadiliki. Basi mshukuru Mungu, akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Laini ya Kenya haina mtandao tangu juzi. Simu za huku kwetu hazijui ziko nchi gani — ukikaa sebuleni uko Uganda, ukienda chooni unakaribishwa Kenya. Mtandao wa huku ukipata nguvu unaumeza wa kule. Nimeizima, nimeiwasha. Nimepanda juu ya benchi. Nimetembea nayo mpaka kwenye foleni ya malori kama mtu anayetafuta redio ya mpira. Hakuna!

Loy anasema hata yake inayumba. Nivumilie, wanarekebisha mnara.

Jumatano, 9 Aprili

Mama yake Anjeline amefariki alfajiri. Mungu amrehemu.

Mama Engole alinipigia hata kabla sijanawa uso. Hakusalimia. Akauliza tenti. Nikamwambia haipo. Akauliza pesa. Nikamwambia iko njiani, lakini laini haishiki mtandao. Halafu akasema basi turudi kwa Paddy tukapige magoti.

Jioni amepiga tena. Paddy ana harusi Jumamosi Malaba. Tenti zote zimekwenda huko.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka Paya sasa hivi. Gomesi, gauni langu la heshima, bado imelowa, naandika nimejifunga shuka.

Mvua ilianza mchungaji akifungua Biblia. Si manyunyu — mvua ya kumwaga kwa ndoo! Watu wakakimbilia jikoni, chini ya vipaa, ndani ya zizi la mbuzi. Jeneza likabaki uani juu ya viti viwili, na Anjeline amelikumbatia, hataki kutoka. Mama Engole akavuta turubai la kuanikia mahindi. Tukalishika juu kwa mikono, sisi Tuzikane, kila mmoja pembe yake. Lilitosha jeneza na Anjeline tu. Mikono ikafa ganzi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kwapa zangu mpaka kwenye viatu, na mjomba wake Anjeline kasimama mlangoni anasema kwa sauti ya kusikika kwamba hawa ndio waliotuambia wana tenti.

Hakuna aliyenitazama. Hiyo ndiyo mbaya. Kama wangenitukana ningejua pa kushika.

Tulipozika mvua ilikuwa imekatika, na msemaji akaanza kusoma mabugo, pesa za rambirambi. Jina la mtu, alichotoa, watu wanaitikia. Wengi walitoa kidogo, mvua imewavunja moyo. Halafu nikasikia jina la Loy! Sikujua hata kama alikuwa ameshatoa. Alivuka kutoka Kenya, akapanda boda mpaka Paya kwenye tope lile, kumzika mama wa mtu asiyemjua sana. Na alichotoa kilizidi cha mbunge. Msemaji akasoma mara mbili: Loy kutoka Busia ya Kenya, rafiki yake Akurut. Watu wakapiga vigelegele. Anjeline akanyanyua uso.

Nililia, jamani. Nililia kwa furaha. Nilimshika Loy mkono nikamwambia amenifuta aibu. Akasema tusihesabiane, sisi ni ndugu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wangu ninaye.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekata tamaa na laini, nikawaandikia watu wa duka kwa WhatsApp yangu ya Uganda. Nikawapa namba ya oda. Wamejibu upesi, nami sielewi. Wanasema pesa ilirudishwa tarehe 4 Aprili, ikapokelewa. Wameweka na namba. Ni yangu.

Imepokelewa na nani? Simu ninayo mimi, kila siku iko kifuani!

Nikamtumia Loy ujumbe huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema hao ni waongo, ndiyo kawaida yao wakishakula pesa ya mtu. Nisubiri Pasaka ipite twende naye kwenye duka la simu. Na nisimwonyeshe Mama Engole kwanza, atanielewa vibaya. Kweli, yule mama hukumu yake iko karibu na mdomo.

Jumatatu, 21 Aprili

Niandike pole pole.

Okware alirudi mchana na swali la ajabu. Alikuwa sokoni, akataka kuniuliza kama chumvi ipo, akapiga ile namba yangu ya Kenya kwa mazoea. Ikaita. Akapokea mwanamke. "Mbona simu yako iko na Loy?" ananiuliza, huku anavua viatu, kama jambo la kawaida. Loy alimwambia amekosea namba, akakata. Lakini sauti anaijua.

Nikamcheka. Nikamwambia laini imekufa, itaitaje? Nikaitoa simu nikamwonyesha: hakuna mtandao. Akasema yeye si mlevi. Nikachukua simu yake, nikapiga namba yangu mwenyewe.

Ikaita.

Simu yangu ilikuwa mezani mbele yangu, kimya kama tofali. Na namba yangu inaita! Kwanza nikadhani ni mambo ya mitandao ya mpakani. Halafu ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na watoto wanacheza, na sufuria inafunikwa.

"Shemeji, si nilikwambia umekosea namba?"

Loy. Loy wangu. Nilibaki na simu sikioni. Akaita shemeji, shemeji. Nadhani alisikia ninavyopumua. Akakata.

Mnara hauna kosa lolote. Alikwenda duka la simu na kitambulisho chake, akasema laini yake imepotea, wakampa nyingine, na namba ya siri mpya. Kwao ni laini yake. Jina ni lake, picha ni yake. Yangu ikafa siku ile ile, nami napanda benchi! Nazunguka malori! Nampigia yeye kumuuliza kama na yake inasumbua!

Na ile mvua. Na yale mabugo. Banange. Nilimshika mkono.

Jumanne, 22 Aprili

Sikula. Okware ananiambia niende polisi. Polisi wa nchi gani?

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda kwake. Nilijiambia sitapiga kelele, na sikupiga.

Alikuwa anachambua maharage. Mtoto anayeitwa kwa jina langu akaniletea kiti na kunipigia goti. Loy akamtuma dukani. Hapo ndipo nilipojua anajua nilichofuata.

Nilingoja akane. Usiku kucha nilipanga maneno ya kujibu akikana. Hakukana! Alisema alikuwa na shida, mumewe Wandera ana madeni, walikuwa wanakuja kuchukua mpaka kitanda. Alisema angeniambia. Nikamuuliza lini. Akaendelea kuchambua maharage. Nikamwambia hiyo si pesa yangu, ni ya wanawake waliouza kuku wao, ni ya Anjeline aliyelowa na mama yake. Akasema Anjeline amerudishiwa. Kile alichotoa Paya kilitoka humo humo, kwa hiyo wenyewe wamekula chao na yeye hadaiwi hicho.

Nilimtazama nikimtafuta yule aliyepanda meza ya watu kwa ajili yangu. Uso ni ule ule.

Nikamwambia amenigeuza mwizi mbele ya watu. Ndipo akaweka ungo chini.

"Laini ni yangu, Akurut. Nilikuazima. Mtu akichukua kitu chake anaitwa mwizi? Nenda ushtaki. Utawaambia polisi wa Kenya kwamba miaka yote ulikuwa unatumia jina la nani?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Kikulacho ki nguoni mwako — wazee walimaliza. Ila hawakusema kwamba kinaweza kukununulia chai na mandazi. Nilirudi kwa miguu. Kuna mtu alinisalimia pale mpakani, sijui nani. Namchukia Loy. Nimeandika. Namchukia, na leo mara mbili nimeshika simu nimpigie nimweleze yaliyonipata, kwa sababu ndiye ninayempigia siku zote nikipatwa na jambo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama Engole ametuma neno. Jumapili baada ya ibada Tuzikane wanakuja kwangu kusikiliza haya maneno ya tenti.

Najua sheria, nilikuwepo tukiitunga. Aliyekula mali ya kikundi haendewi. Akifiwa, hakuna sufuria, hakuna kiti, hakuna wa kumlilia. Azike peke yake na watoto wake. Tulimfanyia mmoja, akachimba kaburi la mumewe na shemeji zake wawili, sisi tukapita barabarani kama hatuoni. Nilipita na mimi. Sasa Okware ana presha. Mama yangu ni mzee.

Siogopi. Ninao ujumbe wa duka, una tarehe na kila kitu. Nitawaonyesha, nitawaeleza, wataelewa. Hawa ni watu ninaolia nao.

Jumapili, 27 Aprili

Wako uani. Nimesema naingia kuchemsha chai. Naandika hapa jikoni nimesimama, daftari juu ya gunia la makaa.

Nilianza vizuri. Niliwaeleza kuanzia mzigo kupotea. Nikatoa ujumbe wa duka, nikausoma wote, kwamba pesa ilirudishwa tarehe nne. Nikampa Mama Engole ajionee mwenyewe. Akauliza hii ni namba ya nani. Kabla sijajibu akatoa simu yake, akaiandika namba ile tarakimu kwa tarakimu. Jina likatokea lenyewe. Akawageuzia wenzake waone.

Akurut Kenya.

Kila mmoja akatoa simu yake. Akurut Kenya. Akurut Kenya. Anjeline ameiandika Dada Akurut Tenti.

Ushahidi wangu! Nimewabebea mwenyewe, nimewasomea kwa sauti.

Nikawaambia ipigeni basi, ipigeni sasa hivi, mtasikia nani anapokea. Wakaweka sauti ya juu. Haipatikani. Mara ya pili, haipatikani. Niliwaeleza habari ya kitambulisho, ya laini kufa, ya Okware na chumvi. Okware akasema ni kweli, aliisikia sauti ya Loy. Mmoja akasema mume atasema nini kingine. Nikawaambia twendeni wote kwenye duka la simu Kenya, wataona nani alibadilisha laini. Mama Engole akauliza kama watatuambia. Ikabidi niseme ukweli, kwamba watamwambia mwenye kitambulisho tu.

"Basi aje mwenye kitambulisho," akasema. Kumbe alishamwita.

Loy alikuwa nje ya lango muda wote, amekaa kwenye boda. Akaingia na kitenge cha kanisani. Akasalimia wazee kwanza, akampa pole Anjeline tena, akamshika bega. Wakampisha kwenye kiti kizuri. Huyu ndiye aliyetoa mabugo kuzidi mbunge, nani atamweka kwenye benchi?

Mama Engole akamuuliza kama laini ile ni yake. Akasema ndiyo, ameisajili yeye, hawezi kudanganya. Nikashusha pumzi! Nilidhani Mungu amemgusa. Halafu akaniangalia kwa huruma. Huruma kabisa, macho yamelowa.

"Lakini anayeitumia ni nani, nyinyi wenyewe mnajua. Mama zangu, mtu akibanwa na shida anateleza. Mimi siwezi kumwacha Akurut azikwe kama mbwa. Nitamsaidia kulipa. Kila mwezi nitatoa fungu langu mpaka tenti ipatikane. Msimfukuze."

Halafu Anjeline akaanza kupiga makofi. Anjeline! Wengine wakafuata. Mama Engole akajifuta macho, sijawahi kumwona akijifuta macho. Akasema kweli rafiki wa namna hii ni mmoja kwa elfu, na kwamba kwa heshima yake kikundi kitanisamehe, nibaki, nilipe pole pole.

Nikimkana, nimefukuzwa sasa hivi. Nikikubali, nimeiba. Okware alikuwa anataka kuinuka, nikamshika mguu chini ya meza, sijui kwa nini. Nikasema ngoja nilete chai.

Imeshachemka. Kifuniko kinaruka. Nawasikia wanacheka na kitu alichosema Loy, yale maneno yake ya kutoa watu huzuni, nayajua.

Mama Engole anaita. Anasema niache vikombe, nije kwanza nimshukuru mwenzangu.